Kusoma si Kutamka: Tuwafunze Watoto Kuelewa Wasomayo

Mzazi amwitapo mtoto wake wa Darasa la Pili na kumwambia, "Lete kitabu, nisomee," mara nyingi hungoja jambo moja tu, nalo ni sauti. Mtoto akitamka maneno bila kukwama, mzazi hufurahi, humsifu mwalimu, na kitabu hufungwa. Sisi twasema kwamba hapo kazi imefika nusu, na nusu iliyobaki ndiyo kubwa. Kusoma ni kuipokea habari ambayo mwandishi ameitia katika herufi, kuifahamu, kuipima, na kuweza kuieleza kwa maneno yako mwenyewe. Shuleni jambo hili huitwa ufahamu. Juu ya ufahamu huo twataka leo kusema na wazazi na walimu wa nchi nzima, nasi tutatwaa mifano yetu Mkuu, katika Wilaya ya Rombo, kwenye miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, twasimuliwa habari za yule mkubwa wa Ethiopia aliyekuwa akisafiri garini huku akisoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo alimsikia akisoma, maana alisoma kwa sauti. Walakini Filipo hakuridhika na sauti ile. Alimwuliza kama anayaelewa anayoyasoma, na yule mtu, ijapokuwa alikuwa na cheo na elimu, alikiri kwamba hawezi asipopata wa kumwongoza. Swali hilo la Filipo ndilo tunalotaka liulizwe katika kila nyumba na kila darasa.

KISWAHILI CHAWEZA KUTUDANGANYA

Lugha yetu ina neema moja kubwa: herufi zake hazigeuki sauti. Mtoto wa Uingereza huhangaika miaka kadhaa, kwa kuwa katika lugha yake herufi zile zile hutamkwa hivi katika neno moja na vingine katika neno jingine. Mtoto wetu akishazijua irabu tano na silabi zake, aweza kutamka karibu neno lolote, hata lile ambalo hajapata kulisikia tangu azaliwe. Lakini neema hiyo ina mtego wake. Kwa kuwa kutamka ni rahisi, mtoto aweza kutamka ukurasa mzima asielewe hata mstari mmoja, nasi tunaomsikiliza tusigundue.

Tazameni mfano huu. Mwandikieni mtoto ubaoni: "Mgwasu alimfenyua Lukombo penye kishwaze." Kisha mwulizeni: Nani alimfenyua Lukombo? Atajibu, "Mgwasu." Mgwasu alimfenyua nani? "Lukombo." Alimfenyua wapi? "Penye kishwaze." Majibu yote matatu ni sahihi, na mwalimu angemtilia alama za vema katika daftari. Lakini sentensi hiyo haina maana yoyote, kwa sababu maneno yake manne tumeyabuni sisi wenyewe. Mtoto hakuelewa kitu, wala hakuwa na kitu cha kuelewa. Alichofanya ni kuliangalia swali, kulitafuta neno linalofanana nalo, na kunakili lililo jirani yake.

Basi, yafaa tujiulize ni maswali mangapi ya ufahamu katika madaftari ya watoto wetu yanayojibiwa kwa njia hiyo hiyo.

HALI ILIVYO NCHINI

Jambo hili si dogo. Mwaka 2010 shirika la Uwezo lilianza kuwapima watoto wa Tanzania nyumbani kwao, likitumia hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Katika watoto wa Darasa la Tatu, takriban watatu tu katika kila kumi waliweza kuisoma. Mwaka 2013 ulifanywa upimaji mwingine wa taifa kwa watoto wa Darasa la Pili, uliotazama kama wanaelewa waliyosoma. Ni watoto wapatao 8 tu katika kila 100 walioelewa kwa kiasi cha kutosha. Serikali ilitunga mtaala mpya wa Darasa la Kwanza na la Pili, ulioanza kutumika mwaka 2015, ambao uliweka mbele mambo matatu: kusoma, kuandika na kuhesabu, ndiyo tunayoyaita KKK.

Hatusemi haya ili kuwalaumu walimu. Ada ya shule za msingi ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto waliingia madarasani kwa wingi, nalo lilikuwa jambo jema. Lakini mwalimu mmoja mwenye watoto sabini mbele yake, na vitabu visivyomtosha kila mmoja, huona ni afadhali watoto wote wasome pamoja kwa sauti moja. Sauti ya darasa zima hupendeza masikioni, nayo huwaficha wale wasiojua.

KUULIZA SI KUFUNDISHA

Wako watakaosema: "Sisi twauliza maswali kila siku." Ni kweli, na ni vizuri. Lakini kuuliza baada ya kusoma ni kupima, na kupima si kufundisha. Anayempima ng'ombe uzito kila asubuhi hajamnenepesha.

Mwaka 1978 mtafiti mmoja wa Marekani, Dolores Durkin, alieleza aliyoyaona alipoketi madarasani na kuangalia masomo ya kusoma yanavyofundishwa. Katika dakika 4,469 alizozihesabu, ni dakika 20 tu zilizotumika kuwafundisha watoto namna ya kuelewa. Muda mwingi ulipita katika kuuliza maswali na kutoa mazoezi. Ikiwa hali ilikuwa hivyo katika nchi tajiri yenye vitabu tele, sisi nasi hatuna budi kuyatazama madarasa yetu.

Kufundisha ufahamu ni kumwonyesha mtoto kazi ifanyikayo kichwani mwa msomaji. Kazi hiyo haionekani kwa macho, kwa hiyo mwalimu aitoe nje kwa maneno. Asome sentensi mbili, kisha asimame aseme: "Hapa naona mtu huyu anakimbia, wala hatujaambiwa sababu. Ngoja nirudi nyuma. Ahaa, hapo juu waliandika kwamba mawingu yametanda. Nadhani anaikimbia mvua." Mtoto asikiaye hayo hujifunza kwamba msomaji husimama, hushuku, hurudi nyuma, na huunganisha jambo na jambo. Wapo watoto wanaodhani kwamba kurudi nyuma ni aibu ya mjinga. Waambiwe wazi kwamba hata wasomi hurudi nyuma.

Mwaka 1984 Wamarekani wengine wawili, Annemarie Palincsar na Ann Brown, walitangaza matokeo ya kazi waliyoifanya na wanafunzi waliokuwa wakitamka vizuri lakini wasielewe, yaani wanafunzi wa namna ile ile tunaowasema sisi. Waliwazoeza mambo manne: kubashiri habari itakayofuata, kuuliza maswali juu ya waliyosoma, kufafanua pasipoeleweka, na kueleza kwa ufupi. Mwalimu alitangulia kuyafanya, kisha wanafunzi wakapokezana nafasi ya mwalimu, na ufahamu wao ukapanda. Njia hii haihitaji vifaa. Hata katika darasa kubwa watoto waweza kukaa wanne wanne penye kitabu kimoja, kila mmoja na kazi yake kati ya hizo nne, kisha wabadilishane.

NENO MOJA LENYE MAMBO MENGI

Liko jambo ambalo vitabu vya kigeni havitatufundisha, kwa kuwa ni la lugha yetu wenyewe. Neno moja la Kiswahili laweza kubeba sentensi nzima. Tulitazame neno hawajatupikia. Ndani yake mna kukana, mna watendaji, mna wakati ambao bado haujatimia, mna sisi tunaongojea chakula, na mna kupika kwa ajili ya mtu. Mwingereza angehitaji maneno saba kuyasema hayo yote. Basi mtoto anayeipita silabi moja mbiombio ameipoteza habari yote.

Mwandikieni mtoto: "Mama amemletea Anna ndizi." Chini yake andikeni: "Mama ameletewa ndizi na Anna." Mwulizeni, katika kila sentensi, ndizi sasa ziko kwa nani. Wengi watajibu sawasawa kwa zote mbili, maana wameona mama, ndizi na Anna, wakadhani wameshaelewa. Dawa yake ni mchezo. Waiteni watoto wawili mbele, wapeni kitu mkononi, na waambieni waitende kila sentensi kama ilivyoandikwa. Kisha badilisheni silabi moja: nimemwita, ameniita, ameitwa, hajaitwa. Darasa zima litazame nani amwite nani. Kwa siku chache watoto watazoea kuangalia ndani ya neno.

Tena, mtoto asomaye silabi moja moja kwa kujikokota hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake. Huyo asikemewe. Mwalimu amsomee kwanza, kisha mtoto airudie habari ile ile mara mbili au tatu mpaka ulimi ulainike na akili ipate nafasi ya kufikiri.

MANENO HUTEGEMEA MAMBO

Mtoto wa Mkuu akisoma habari za maji kujaa na kupwa, ngalawa na nanga, atatamka kila neno vizuri, lakini bahari hajaiona. Vivyo hivyo mtoto wa Kilwa akisoma habari za kihamba, mfereji wa kunyweshea migomba, na ng'ombe wa kulishwa zizini. Upungufu wa hao wawili hauko katika kusoma. Hawajayajua mambo yenyewe.

Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa Marekani habari juu ya mchezo wa besiboli. Wanafunzi waliokuwa dhaifu katika kusoma lakini wanaujua mchezo huo walieleza habari ile vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Funzo lake ni kwamba kila jambo jipya tumwonyeshalo mtoto, iwe ni namna ya kuatika mbegu, kazi ya fundi seremala, au kisa cha babu, ni akiba ya kusomea. Mtoto anayezungumzishwa husoma vizuri kuliko mtoto anayenyamazishwa.

Hapa pia yafaa tuseme neno juu ya lugha ya nyumbani. Katika Rombo watoto wengi husikia Kirombo kwa bibi na babu zao kabla ya kuingia darasani, ambako hufundishwa kwa Kiswahili. Wazazi wengine hudhani kwamba lugha ya nyumbani ni adui wa shule, wakawakataza watoto kuisema. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto akiisoma hadithi kwa Kiswahili kisha akaweza kumsimulia bibi yake kwa Kirombo, ametoa ushahidi kamili kwamba ameelewa, kwa sababu maneno ya kitabu hayawezi kunakiliwa katika lugha nyingine. Mwacheni asimulie, halafu mwombeni arudie kwa Kiswahili.

SOMO LA MFANO

Ili tusiishie katika maneno matupu, twatoa hapa somo moja ambalo mwalimu au mzazi aweza kulitumia. Tumelichukua katika kisa cha kale cha Wachaga juu ya vilele viwili vya mlima wetu: Kibo, wenye urefu wa meta 5,895, na Mawenzi, wenye meta 5,149. Mtoto wa Mkuu huuona Mawenzi ulivyochongoka kila kunapokucha kweupe. Habari yenyewe ni hii:

"Zamani Kibo na Mawenzi walikuwa majirani. Siku moja moto wa Mawenzi ulizimika. Akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto. Alimkuta Kibo akitwanga ndizi kavu kinuni. Kibo alimpa moto, akampa na ndizi. Zilikuwa tamu sana. Mawenzi alipofika njiani aliuzima moto ule, akarudi. Kibo akampa tena moto na ndizi. Mawenzi akauzima tena, akarudi mara ya tatu. Safari hii Kibo alikasirika. Alimpiga Mawenzi kwa mchi kichwani. Ndiyo sababu Mawenzi ana kichwa kilichovunjikavunjika mpaka leo."

Kabla ya kusoma, watoto watazame mlima, au picha yake, na waseme kwa nini wanadhani Mawenzi haukuviringana kama Kibo. Maneno mchi na kinu yaelezwe kwa kuonyesha vitu vyenyewe. Kisha wasome hadi pale Mawenzi alipouzima moto, wasimame hapo, na kila mmoja abashiri litakalofuata. Baada ya hapo wasome mpaka mwisho.

Maswali yawe ya namna tatu. La kwanza ni lile ambalo jibu lake limeandikwa: Mawenzi alikwenda kuomba nini? Hili ni jepesi, nalo humpa mtoto moyo, lakini tusiishie hapo. La pili ni lile ambalo jibu lake halikuandikwa, ila limefichwa: Kwa nini Mawenzi aliuzima moto ambao alikuwa ameuomba mwenyewe? Hakuna sentensi iliyosema kwamba alizitamani ndizi. Hana budi mtoto kuunganisha utamu wa ndizi na kule kurudi kwake. Akijibu hivyo, mwulizeni tena: "Umejuaje?" Neno hilo moja, umejuaje, lina nguvu kuliko maswali kumi, kwa maana humrudisha mtoto katika maandishi atafute ushahidi. La tatu ni swali la kupima: Je, Kibo alitenda haki? Hapa majibu yatatofautiana. Mmoja atasema mdanganyifu amepata malipo yake. Mwingine atasema jirani hapigwi kwa sababu ya ndizi. Wote wasikilizwe, mradi kila mmoja atoe sababu.

Mwisho, mtoto mmoja asimulie hadithi yote kitabu kikiwa kimefungwa, na mwingine aieleze kwa sentensi mbili tu. Kufupisha ni kazi ngumu, kwa sababu kwamtaka mtoto achague lililo kubwa na kuliacha lililo dogo. Lakini hata mtoto wa miaka minane huweza akizoezwa.

KAZI YA WAZAZI

Huenda mzazi akasema: "Nyumbani kwangu hamna vitabu," au "Mimi mwenyewe sikusoma sana." Twamjibu kwamba ufahamu huanza masikioni kabla ya kufika machoni. Bibi asimuliaye hadithi jikoni, akakatiza katikati na kuuliza, "Mwadhani fisi alifanya nini?" anafundisha ufahamu, hata kama hakuwahi kushika chaki. Mtoto aliyezoea kufuata kisa kwa masikio atajua kukifuata atakapokikuta kitabuni.

Kuhusu maandishi, yamo katika kila nyumba kwa namna fulani: gazeti lililofungiwa sukari, pakiti ya mbegu za mahindi, tangazo la kijiji, barua ya shule, karatasi ya dawa. Mpeni mtoto asome, kisha mwulizeni mambo matatu: Wamesema nini? Kwa nini wamesema? Sisi yatupasa kufanya nini? Dakika kumi jioni zatosha, mara tatu au nne kwa juma. Mzazi asiyejua kusoma aweza pia kuyauliza maswali hayo, na akiona jibu halina mantiki amwambie mtoto asome tena. Jambo moja twalisisitiza: mtoto akijibu vibaya asichekwe wala asichapwe. Mtoto mwenye hofu hurudi katika kunakili, kwa sababu kunakili hakumwingizi hatarini.

YANAYOTUNGOJA

Watoto hawa watakuwa watu wazima. Mama kijana atasimama na chupa ya dawa ya mtoto wake, ambayo imeandikwa kiasi cha kunywesha, saa za kunywesha, na jambo la kuepuka. Akitamka yote na asielewe, mtoto wake yu hatarini. Kijana ataletewa hati ya kuuza sehemu ya kihamba cha baba yake, aisome kwa sauti nzuri mbele ya mashahidi, atie sahihi, kisha agundue baadaye kwamba ametoa asichokusudia kutoa. Msichana atakayekwenda mjini kutafuta kazi atapewa mkataba wenye kurasa tatu. Katika hayo yote hatakuwapo mwalimu wa kumsomea. Na yule atakayeingia sekondari atakutana na masomo kwa Kiingereza. Asiyejua kuitafuta maana katika lugha anayoijua, ataitafutaje katika lugha asiyoijua?

Kwa hiyo twawaomba walimu wapunguze muda wa kusoma kwa pamoja kwa sauti, na muda huo wautumie kuwaonyesha watoto njia ya kuelewa. Twawaomba wakuu wa shule na kamati zao, watakapokutana na wazazi, wasitangaze alama peke yake, bali wawaeleze pia namna ya kumsikiliza mtoto asomapo. Nanyi wazazi, jioni hii mtoto atakapomaliza kusoma ukurasa wake, msikifunge kitabu upesi. Mwulizeni habari aliyoisoma ni ipi, kisha mwulizeni, "Umejuaje?", na mngoje jibu lake kwa saburi.